Mkunga Aliyekataa Kujibu

Nilimchongea Mama Adrienne kwa polisi mimi mwenyewe, kwa hiyo nikimsifu leo msidhani najipendekeza. Mwaka ule wa 1963 nilikuwa karani wa bandari hapa Kalemie, mji tuliokuwa tukiuita Albertville, na tena nilikuwa kapita wa mtaa wetu, yule anayeitwa watu wakigombana. Nilivaa shati la kola, nilisoma gazeti, nilijiona najua kila kitu. Watu wakisema Papa Florent amesema, basi imekwisha.

Mama Adrienne alikuwa mkunga wa maternite, hospitali yetu ya uzazi. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, ana mdomo huyo! Alifundishwa kazi na masista, akawa msaidizi wa dokta Mbelgiji, mpaka mwaka wa sitini dokta alipopakia familia yake kwenye gari na kuondoka bila kuaga. Wengine walikwenda pale kuchukua magodoro. Mama Adrienne alikwenda kesho yake saa moja asubuhi, akavaa aproni, akaanza kazi. Toka siku ile yeye njo dokta, njo mkunga, njo mfagiaji. Ukimwambia asante anakujibu, "Asante haifui mashuka. Lete sabuni."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Asubuhi moja, nikiwa juu ya baiskeli kwenda kazini, niliona wanawake watatu wakiingia kwenye matete pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Mbele Mama Adrienne na jembe. Nyuma yake bibi mmoja mzee amebeba chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa. Wa tatu, akitembea kwa shida, alikuwa Hortense, mke wa Emile, mtia makaa wa treni ya Kabalo. Mtaa mzima tulijua ana mimba, na mtaa mzima tulikuwa tumemsikia akimwambia Emile kwamba watoto wanne wanatosha, chumba ni kimoja, wa tano atalala wapi, juu ya paa? Nikasimamisha baiskeli. Wakachimba, wakafukia chungu, wakarudi bila kulia.

Kwetu Manono, mimba ikiharibika inazikwa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, na majirani wote wanajua. Chungu kinachopelekwa mbali, penye maji, kwetu ni cha mtu anayeficha ubaya. Basi nikaunganisha mambo yangu: mke hataki mtoto, mkunga ana dawa, chungu kimefichwa. Sikuuliza mtu hata mmoja. Nilikwenda moja kwa moja polisi, nikaeleza, na nikafika bandarini kwa wakati, moyo mweupe kabisa.

Jioni walikamatwa wawili, mkunga na Hortense; yule bibi mzee sikumjua jina. Mama Adrienne walimrudisha kesho yake, kwa sababu kulikuwa na mwanamke anazaa na hakuna mwingine wa kumzalisha, hata mke wa komisari wa polisi alikuwa karibu kuzaa. Hortense alibaki gerezani. Sheria haikuwa na mchezo: mwanamke aliyetoa mimba yake, miaka mitano mpaka kumi. Aliyemsaidia, mpaka kumi na tano.

Mtaa ukagawanyika. Papa Kalenga, katekista wetu, alisema uhai ni wa Mungu, na anayeugusa ajibu. Mama mmoja muuza samaki akamwuliza, "Na wa Hortense, Papa Kalenga, ni wa nani?" Wengine wakasema sheria hiyo ni ya Wabelgiji, wameondoka na dokta wakatuachia gereza. Mimi nilikuwa upande wa Papa Kalenga, na kwa sehemu kubwa ningali huko. Mtoto tumboni si jipu la kukamua. Nasema wazi, hata leo.

Siku ya hukumu tribunali ilijaa. Hakimu alikuwa kijana, Mkongomani kama sisi, mpole wa sauti. Akamwita Mama Adrienne.

"Mama, huyu mwanamuke alifika kwako na hali gani?"

"Alifika anatoka damu."

"Mimba ilitoka yenyewe, ao aliitoa?"

"Hilo sitalijibu."

Watu wakaguna. Hakimu akaweka kalamu chini. "Unajua naweza kukufunga?"

"Najua. Lakini tuma kwanza muntu maternite, kuko wawili uchungu umewashika."

Kuna waliocheka. Hakimu hakucheka. Akamwambia, kama Hortense hana kosa, kwa nini asiseme tu hivyo, mwanamke arudi kwa watoto wake? Hata mimi nilijiuliza hilo hilo, na nilishaona kwamba nimeshinda.

Mama Adrienne akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Papa Hakimu, mimi sitoi mimba. Wenye walikuja kuniomba wamo humu ndani, niliwafukuza, na mpaka leo hawanisalimii. Mimi ni Mukristo. Lakini muntu akifika anatoka damu, siulizi damu imeanzaje. Mwaka wa sitini na moja kulitoka habari mujini kwamba tunapeleka majina polisi. Mwezi ule tulizika wanawake watano. Walifia nyumbani, mulango wangu uko wazi. Mumoja hakuwa amefanya kitu, mimba ilimutoka yenyewe. Aliogopa kuulizwa tu. Sasa leo nikisema Hortense hana kosa, kesho nikikataa kujibu juu ya mwingine, mutajua huyo ana kosa. Kwa hiyo sijibu juu ya muntu yeyote."

Hakimu akageuza karatasi zake, akasema kinachobaki ni chungu alichokiona Papa Florent. Nikasimama, nikaeleza kwa sauti kubwa. Nikamalizia kwamba asiye na kosa hafichi kitu kwenye matete.

"Chungu?" akasema Mama Adrienne. "Hicho naweza kukijibu. Hapa ziwani, mimba ikitoka, tunaizika kwenye udongo wa maji, ili tumbo la mama lisikauke. Ni kazi ya wanawake. Wanaume hawaambiwi. Na kile si cha peke yake, viko vingi pale."

"Nani mwingine atashuhudia?"

Majina alikuwa nayo yote, lakini hakutaja hata moja. Hortense alikuwa amesimama mbele yetu, anatazama miguu yake, na nje tulimsikia mtoto wake mdogo analia mgongoni mwa shangazi. Hakimu akachukua kalamu.

"Kimoja ni changu."

Sauti ile niliijua kabla sijageuka. Alikuwa Henriette, mke wangu, mzaliwa wa Zongwe, hapo hapo ziwani. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake wenzake.

"Ni changu," akarudia. "Mwaka jana, wakati bwana yangu alikwenda Manono kuzika baba yake. Mimba ya miezi mine, nilikuwa sijamwambia."

Nikamwuliza mbele ya watu wote, mjinga mimi, "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeniuliza lile hakimu ameuliza."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Alisema kweli. Ningemwuliza. Mwanamke mwingine akasimama, kisha yule muuza samaki, kisha mke wa Papa Kalenga, na katekista akainamisha kichwa. Hakimu akawaomba wakae. Akasema chungu ni desturi, si ushahidi, na ushahidi mwingine hakuna. Hortense akaenda nyumbani siku ile ile.

Mama Adrienne hakungoja pongezi. Alikwenda mbio maternite, na mmoja wa wale wawili alikuwa amekwisha kuzaa. Mwaka uliofuata waasi waliingia mjini, kisha askari wa serikali, na yeye alizalisha wake za hawa na wake za wale, akiwadai wote sabuni.

Mwaka wa sitini na tano Henriette alizaa kwake binti yetu. Nilipeleka vipande sita vya sabuni. Mke wangu alikuwa amelala, na Mama Adrienne alikuwa anamfunga mtoto kitambaa. Nikaona tuko wawili tu, nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, ile ya Hortense ilikuwaje? Na ile ya mke wangu?"

Hakukasirika. Alimaliza kwanza kufunga kitambaa.

"Papa Florent, huyu binti yako akikua, siku moja akifika hapa anatoka damu, unataka nimwambie nani?"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa na saa mbili tu duniani.

"Usimwambie mtu."

"Hata wewe?"

Nikaziweka zile sabuni juu ya meza.

"Hata mimi."

"Haya," akasema, "pokea mutoto wako."