Nyuki wa Ukweni na Baiskeli Yangu ya Shokapu

Jamani, mimi ndiye yule ambaye mama mkwe wake amemwona bila suruali, mbele ya wazee wa pande zote mbili, asubuhi kweupe, jua limeshatoka na kila kitu kinaonekana. Naanza na hilo ili liishe, maana mkikutana na mtu yeyote wa Kwihara atawasimulia yeye, na mkasa ukipita midomoni mwa watu wa Kwihara hutoka umenenepa (kuna anayesema nilikimbia hadi stesheni ya reli, si kweli, niliishia kwenye mihogo ya jirani).

Sasa ili mwelewe ukubwa wa aibu yenyewe, kwetu Wanyamwezi mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, huli mbele yake, mkikutana njiani unajibanza pembeni na kuinamisha macho mpaka apite, na akitaka kukwambia jambo anamwambia mtu mwingine wewe ukisikia, au anauambia ukuta. Mimi nilikuwa nimeishi na mke wangu Nyamizi miaka kadhaa na sura ya mama yake nilikuwa naijua kwa kuibiaibia tu. Ndiyo heshima yetu.

Chanzo cha yote ni baiskeli. Nina kibanda cha kuchaji simu pale Isevya, na siku moja nikapata baiskeli ya mtumba, ile ya mlimani yenye shokapu nyuma, springi ya kumeza mashimo (mlima wenyewe Tabora uko wapi, msiniulize, Nyamizi alishaniuliza). Jioni zote nikawa nimechuchumaa uani na spana. Nyamizi akisema maji yameisha, namwambia ngoja nikaze bolti hii. Akisema mama yake anaumwa twende tukamwone, namwambia kesho, leo shokapu inalia. Jumamosi moja nikamwita aniletee tochi, nikaita tena, nikaita mara ya tatu, ndipo nikaingia ndani nikakuta begi lake halipo. Alikuwa ameondoka tangu mchana na mimi nilikuwa uani muda wote.

Nilipata homa, nawaambieni ukweli. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Nikampigia mjomba wangu wa Ipole, mfuga nyuki, akaja, akaenda Kwihara, ukweni, kuniombea. Mama mkwe, mjomba alinisimulia, akazungumza akiuangalia ukuta: "Asali kila mtu ananunua sokoni. Mwambieni mkwilima, huyo mume wa Nyamizi, alete kundi la nyuki wazima, hapa kikundi chetu cha akina mama kina mzinga mtupu. Nataka nione kama anaweza kukitunza kitu chenye roho toka kwake mpaka kwangu. Akishindwa, Nyamizi hatoki hapa." Jumapili ndiyo ingekuwa siku ya kikao, wazee wakae, nyuki wapokelewe, na mke wangu arudi au asirudi.

Mjomba akaleta kundi lake na lori la tumbaku, wakiwa kwenye sanduku la mbao, tundu la kuingilia limezibwa na upande wa mbele umepigiliwa wavu ili wapumue. Akaniambia jambo moja tu kabla ya kurudi: "Maganga, nyuki hawa usiwatikise. Ukiwatikisa wanakuwa watu wengine." Halafu akashauri nikodi bajaji, iende polepole kwenye lami.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniua. Nikajiambia: bajaji ya nini, na mimi nina shokapu? Kama kuna chombo Tabora nzima kilichoumbwa kubeba kitu kisichotakiwa kutikiswa, si ndiyo hii? Na (hili sikumwambia mjomba) nilitaka Nyamizi aione ile baiskeli iliyomkimbiza ikileta mahari ya pili kwa upole, ili ajue kwamba jioni zile hazikupotea bure.

Keria nilikuwa nimeshaichomelea, nikaiunga kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na chuma kinene. Jumamosi jioni nikaanza kurekebisha. Shokapu kwa chini inafungwa kwenye tundu mojawapo kati ya mawili. Ukiifunga tundu la mbele, baiskeli inainuka nyuma na kuwa ngumu kama benchi la shule; ukiifunga la nyuma, siti inashuka na unakaa kama uko kwenye kochi, ila sasa usukani unakuwa mwepesi na pedeli zinakaribia kulamba ardhi. Nikafunga mbele, nikapanda, ngumu. Nikafungua, nikafunga nyuma, ikazama mno. Nikakaza springi, ikanirusha. Nikalegeza, ikazama tena. Bolti ikakataa kuingia kwenye tundu, nikaigonga na nyundo, na kila nikigonga, lile sanduku lililokuwa pembeni chini ya kitenge chenye maji lilikuwa likijibu kwa mvumo, vuuu, halafu linanyamaza. Jasho lilikuwa linanitoka na hakukuwa na joto.

Mwishowe nikaweka mfuko wa mchanga kwenye keria, nikaona shokapu haikubonyea hata kidogo, nikajisifu kwamba nimeiweza, ina nguvu (angalieni mtu anavyodanganywa na macho yake). Nikapanda mimi, ikabonyea vizuri, laini. Nikachagua tundu la nyuma, lile la kochi. Kati ya siti na sanduku palibaki nafasi ya vidole, nikaona inatosha, kwa sababu nilipima nimekaa kimya uani kama picha.

Alfajiri nikalifunga sanduku kwa mipira ya tyubu, wavu ukitazama siti, nikavaa suruali yangu ya kikao na shati jeupe, nikatoka. Lami nikaiacha. Nikashika ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu zetu waliipita na meno ya tembo mabegani hadi pwani na mizigo haikudondoka, nikasema na mimi ni damu hiyohiyo, nitashindwa na sanduku?

Mwanzoni ilikuwa raha. Mchanga, mizizi, mashimo ya mvua, vyote vilikuwa vinapita chini yangu kama siendeshi mimi. Lakini kila nikipita shimo, mimi nikishuka laini na kupanda laini, nyuma yangu nasikia tok, kisha vuuu. Shimo jingine, tok, vuuu. Na ule mvumo haukuwa unarudi chini kama jana, ulikuwa unabaki pale ulipofika na kungoja shimo linalofuata. Nikasema nyuki wa Ipole hawajazoea safari. Nikawaambia kwa sauti, "Tulieni, tunakaribia," na mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda shambani akasimama kuniangalia, maana aliona mtu mmoja tu.

Kwenye korongo kavu nikaingia kwa kasi kidogo ili nipate nguvu ya kupanda ng'ambo. Mimi nikaelea. Nyuma pakalia tok kubwa, na mara nyuki mmoja akaja akatua kwenye sikio langu, akatembea kidogo, akaruka. Mmoja tu. Nikajiambia huyo ni wa porini. Sikusimama, na nawaambieni kwa nini sikusimama: niliogopa kugeuka. Mtu ukiwa na kitu nyuma yako kinachoweza kukuua, na kwa mbele mke wako anakungoja, unajikuta unakanyaga tu. Akaja wa pili. Akaja mwingine, akaingia kwenye kola. Shingo yangu ikakakamaa, nikawa naendesha kama mtu aliyefungwa banzi, macho mbele, naomba Mungu anipe nyumba zile za Kwihara zitokee.

Zikatokea. Nikaona ua wa ukweni, wazee kwenye mabenchi, mjomba wangu pamoja nao, akina mama wa kikundi na vitenge vyao vya sare, mama mkwe kwa nyuma amegeuzia mgongo njia kama desturi inavyotaka, na mlangoni Nyamizi. Nilipomwona Nyamizi moyo ulilegea. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Nikasema sasa hapa siwezi kushuka na kusukuma baiskeli kama mtu aliyeshindwa, naingia nimekaa.

Penye lango la ua kuna tuta la kuzuia maji ya mvua. Nililiona. Gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likapanda, likashuka, shokapu ikabonyea mpaka mwisho wake, na siti, pamoja na mimi niliyekuwa juu yake, tukashuka tukaubamiza wavu wa sanduku. Ndiyo ile tok niliyokuwa naisikia njia nzima. Safari nzima nilikuwa nawagongea nyuki mlango kwa makalio, na pale kwenye tuta mlango ukafunguka.

Sitaki kuwaelezea maumivu. Nitawaambia tu kwamba suruali ya kikao ilikuwa pana, na kwamba nyuki wakishaingia ndani ya suruali hakuna heshima ya mila inayoweza kuibakiza mwilini. Niliitupa. Mabenchi yakaanguka, wazee wakakimbilia ndani, kuku wakaingia chini ya ghala, na mimi nikawa nazunguka ua mzima na shati jeupe na kilichobaki (kilikuwa na kiraka, na hilo nalo linasimuliwa).

Ghafla nikaona kitu kilichonisimamisha. Baba mkwe mguu wake mmoja haufanyi kazi, na kwenye vurugu ile fimbo yake ilikuwa imeanguka, na watu wote wamekimbia, na yeye amekaa peke yake kwenye kiti katikati ya wingu lile jeusi, ameinua mikono kufunika macho. Hapo niliacha kusikia kuumwa. Niliona nimemuua baba wa mke wangu kwa sababu ya kochi.

Mama mkwe alinitangulia. Alipita mbele yangu ana blanketi, akamfunika mzee mwili mzima, akageuka, akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akasema, "Maganga, lala chini," akaivua kanga yake ya mabegani akanitupia. Kanga ya mama mkwe. Nikalala chini ya kanga ile kifudifudi nikilia, sijui kwa uchungu au kwa aibu, huku akina mama wa kikundi wakileta majani mabichi na moto, na moshi ukaanza kutembea taratibu uani.

Mzee alikuwa ameumwa mara chache mkononi tu. Baadaye nilimsikia anacheka ndani ya blanketi. Nyuki walikwenda kuning'inia kwenye nguzo ya ghala, wakatulia, na jioni akina mama wakawaingiza mzingani kwa ufundi wao. Mama mkwe akaurudia ukuta wake: "Nyuki wamefika. Aliyewaleta hakuwatunza. Nyamizi ataamua mwenyewe." Mjomba wangu aliondoka na lile sanduku tupu begani, na mimi nikabaki ukweni kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa wala kuona njia.

Nyamizi ndiye aliyenitoa miba, kwenye chumba cha nyuma, mimi nimelala kifudifudi. Alifanya kazi ile muda mrefu. Kisha akauliza, "Ulipopita kwenye korongo ulisikiaje?"

"Laini," nikamwambia. "Kabisa. Ndiyo maana sielewi."

"Umekaa wapi wewe?"

"Kwenye siti."

"Na shokapu inashikilia nini?"

Nikafikiri. "Fremu. Siti."

"Na keria umeichomelea wapi?"

Nikaona ule mfuko wa mchanga ambao haukuibonyeza shokapu hata kidogo, na nikajua kwa nini. Keria ilikuwa chini ya springi, pamoja na gurudumu, kila shimo la njia ile liliingia moja kwa moja kwenye sanduku, na mimi juu nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu nawaambia watulie.

"Springi umejiwekea wewe," akasema Nyamizi, akiendelea kuchomoa miba. "Sisi wengine tuko kwenye chuma. Halafu unashangaa tunanung'unika."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Niliuficha uso kwenye mto nikamwambia nisamehe, na hakunijibu siku hiyo wala iliyofuata.

Uvimbe ulipopungua, asubuhi moja akatoka na begi lake akaliegesha kwenye ukuta, pale baiskeli ilipokuwa. "Twende," akasema. "Lakini naendesha mimi. Wewe panda nyuma."

Nikapanda keria, kwenye vidonda vyangu, mbele ya ukoo mzima, begi la mke wangu mapajani. Baba mkwe alipunga fimbo. Mama mkwe aligeukia ukuta, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nyamizi alifunga kitenge vizuri akakanyaga, akashika ileile njia ya misafara, na kila mzizi na kila shimo nililipokea kwenye uti wa mgongo mpaka meno, wakati yeye mbele yangu anashuka laini na kupanda laini kama malkia. Nilijua anapita hapo kwa makusudi. Kwenye korongo niliuma ulimi.

"Unasikiaje huko?" akauliza bila kugeuka.

Nikamwambia ukweli, kwamba panauma sana, na kwamba Mungu akinifikisha nyumbani sitampakia tena mtu wala nyuki mahali ambapo mimi mwenyewe sijakaa kwanza. Kwenye shimo lililofuata akapunguza mwendo.