Mashahidi Ishirini na Mmoja wa Clorinda Astudillo

Clorinda Astudillo alikuwa na mdomo mchafu kuliko mwanamke yeyote wa kilima chetu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia maisha ya mtakatifu. Alimtukana padri, alimtukana mwenye nyumba, na mimi alinitukana karibu kila siku kwa miaka kumi na minne. Lakini kola akizipiga pasi yeye zilisimama zenyewe mezani, ngumu, zinang'aa, hata makarani wa bandari ya Valparaíso wakawa wanaulizana zimetoka kwa nani.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vingi vyenye ua mmoja katikati, na humo tulikuwa wapiga pasi ishirini na wawili. Hakuna aliyekuwa na makaa ya kutosha peke yake. Kwa hiyo tuliweka seredani moja kubwa katika chumba cha chini, tukachangia makaa kwa zamu, na kila mtu akaja na pasi zake mbili, moja motoni, nyingine mkononi. Mama zetu walifanya hivyo na sisi tukafanya hivyo. Kipupwe kikiingia na upepo wa kusini ukaanza kupiga, tulifunga mlango na dirisha, kwa sababu mpiga pasi mwenye joto mwilini akipigwa na upepo uso wake hupinda. Hilo kwetu kila mtu analijua. Basi tulikaa humo ndani tukivuta hewa ya makaa. Kichwa kinauma, masikio yanavuma, mtu anaanguka, tunamburuta hadi uani, anapata fahamu, anarudi kazini.

Dada yake Clorinda, Filomena, hakupata fahamu. Ilikuwa alasiri ya Julai, sisi tukicheka kichekesho ambacho sikikumbuki tena. Filomena aliinamisha kichwa mezani tukadhani amesinzia. Tulimwacha alale kidogo, maskini, amechoka. Clorinda mwenyewe ndiye aliyesema tumwache.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa tetemeko. Mji mzima ulikuwa kifusi, na katika kifusi hicho Clorinda aliokota debe la mafuta ya taa. Akampelekea Baudilio, fundi bati aliyekaa chumba cha juu, mwanamume mpole asiyejua kujibu tusi.

"Nikatie milango minne hapa ubavuni. Iwe na umbo la pasi."

"Minne itafanya debe lilegee, Bi Clorinda."

"Utalegea wewe. Kata!"

Alikata. Debe lilifudikizwa juu ya seredani. Pasi iliingia kwa mlango wake mdogo ikapata moto, mpini wake ukabaki nje, haukuunguza mtu. Juu kulikuwa na bomba lililotoka dirishani, na mwisho wa bomba Clorinda aliweka kikofia chenye mkia, ili upepo ukibadilika kigeuke na kuupa mgongo, hewa chafu isirudishwe ndani. Mara tatu kilikwama, mara tatu Baudilio alitukanwa. Mara ya nne kiligeuka vizuri. Kipupwe kile hakuna mtu aliyeanguka. Kitu chenyewe tulikiita Kofia tu, kwa ajili ya kile kikofia. Neno uvumbuzi hakuna aliyelijua.

Watu wa nyumba za jirani walikuja kutazama. Kwetu ukiwa na kitu kizuri ukakificha, watu watatema mate ukipita, na haki yao. Clorinda aliwaonyesha wote, akawatukana wote, na baada ya vipupwe vitatu kilima kizima kilikuwa na Kofia madirishani.

Lakini kifua chake kilikuwa kimeshaharibika na miaka ya nyuma. Mwaka wa sita baada ya tetemeko daktari wa hospitali ya maskini alimwambia bila kuzunguka: aachane na makaa, mvuke na joto la pasi, la sivyo hatamaliza vipupwe viwili. Clorinda akamuuliza yeye daktari atakuwa anampikia nini. Akarudi kazini.

Wiki ileile tuliteremka bondeni kupeleka nguo, mimi na yeye. Tukapita mbele ya duka la vifaa vya chuma la don Olegario Vial. Dirishani kulikuwa na Kofia. Debe lake jipya, linametameta, milango minne, kikofia chenye mkia, na jina la duka limegongwa ubavuni. Clorinda aliingia na kapu la nguo kichwani.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Don Olegario alikuwa mtu wa tabasamu. "Una hataza, mama?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Karatasi. Serikali inakuandikia kwamba kitu hiki umekibuni wewe, na anayetaka kukiuza akulipe. Niletee hataza, nami nitakulipa kila nikiuza moja. Naziuza nyingi. Huna, basi karibu ununue kama wenzako."

Sitayarudia aliyojibiwa. Wateja wawili walitoka, mmoja akifanya ishara ya msalaba.

Njiani kupanda alisimama mara tano kuvuta pumzi. Mara ya mwisho alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nikiipata hiyo karatasi, Tránsito, pasi siigusi tena. Nitakaa dirishani nipumue tu. Nitakuangalia wewe ukitoka jasho, nitakucheka."

"Utaipata," nikamwambia. Nilisema kama vile ofisi ilikuwa yangu.

Alikwenda kwa mwandishi wa barua anayekaa langoni pa ofisi za serikali. Huyo aliuliza Kofia ilitengenezwa lini. Clorinda, ambaye wiki ile alikuwa ameongeza kijimlango cha kupunguzia moto, akajibu kwamba ameimaliza juzi. Mwandishi akaandika kwamba kitu ni kipya kabisa, kimebuniwa mwaka huu, hakijajulikana na watu. Alijua kazi yake. Clorinda hakujua kusoma. Akachora msalaba wake chini.

Ombi lilitangazwa gazetini, na don Olegario akalipinga. Alidai kitu si cha mwanamke yule. Ikaja barua: Clorinda Astudillo afike siku fulani, alete uthibitisho kwamba amekibuni yeye.

Uthibitisho! Tulicheka. Kwetu uthibitisho ni watu. Ukidai kuku ni wako, unaleta watu. Ukidai mume ni wako, unaleta watu wengi zaidi. Mwenye mashahidi watatu humshinda mwenye wawili, na mwenye kumi hana hata haja ya kufungua mdomo. Tumeishi hivyo tangu kilima kina watu, na mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango kuwakusanya. Niseme wazi: mimi, si mwingine. Nilipata wanawake ishirini, na mimi wa ishirini na moja. Nyumba nzima.

Tulizipiga pasi sketi zetu wenyewe, kitu tulichokuwa tukikifanya Pasaka tu. Tukateremka kama tunaokwenda harusini.

"Mkifika humo mfunge midomo mpaka mwulizwe," alisema Clorinda. "Nawajua nyie. Hasa wewe, Tránsito."

"Mimi nitakuwa bubu, shoga."

"Mungu akusikie."

Ndani kulikuwa na afisa, mtaalamu aliyeletwa kutoka mji mkuu, na wakili wa don Olegario, kijana mwenye adabu nyingi. Kola yake niliijua, ilikuwa kazi ya Bi Eduvigis. Tuliapishwa mmoja mmoja kwa jina la Mungu. Kisha wakili akaanza na huyohuyo Eduvigis, aliyekuwa mkubwa wetu.

"Nani aliyetengeneza kitu hiki, mama?"

"Clorinda."

"Una hakika?"

"Kama ninavyosimama hapa."

"Umewahi kukitumia mwenyewe?"

"Kila siku ya Mungu, isipokuwa Jumapili."

"Tangu lini?"

Eduvigis alibabaika. Kuhesabu miaka hakukuwa kipaji chake. "Tangu zamani, baba."

"Zamani lini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikaona anazama, nikaona Clorinda anapoteza haki yake kwa ajili ya ajuza asiyejua tarehe. Nikasimama kabla sijaitwa.

"Tangu mwaka wa tetemeko, bwana! Vipupwe sita! Na si sisi tu, kilima kizima kinatumia, nenda ukatazame madirishani!"

"Kweli!" wakapiga kelele wenzangu. "Kilima kizima! Sita!" Wengine walipiga makofi.

Wakili aliweka kalamu chini taratibu, akatushukuru. Nikadhani tumemshinda. Nilimgeukia mwenzangu nikamfinya.

Ndipo mtaalamu alipochukua ombi akalisoma kwa sauti, pale paliposema kitu ni kipya, cha mwaka huu, hakijajulikana na watu. Alikuwa mzee, wala hakuonekana mbaya.

"Mama," akamwambia Clorinda, "ama hii karatasi yako si ya kweli, ama wanawake hawa wameapa uongo. Kuapa uongo mbele yetu ni jela. Sasa nakuuliza wewe. Wanasema uongo?"

Sisi tulikuwa bado tunatabasamu. Sisi, tuseme uongo? Kwa Clorinda? Yeye aligeuka akatutazama, safu ya kwanza, ya pili, hadi nyuma kabisa. Alikohoa kwa muda mrefu kwenye kitambaa.

"Hawasemi uongo."

"Fikiri vizuri kabla hujajibu."

"Nimefikiri. Walichosema ni kweli chote. Andika."

Tulipanda kilima tukiimba. Bi Eduvigis alichinja kuku wake wa mwisho akapika mchuzi wa viazi na malenge, mtu akaleta pombe ya zabibu, Baudilio akaleta gitaa. Nilicheza naye mpaka kiatu kikakatika. Kila mtu alieleza upya alivyosema na alivyomwangalia wakili machoni. Clorinda alikaa kwenye benchi, akala vijiko viwili, akamshukuru kila aliyekuja kumbusu. Hakumtukana mtu jioni nzima. Hilo peke yake lingenitosha kujua, lakini nilidhani ni furaha.

Karatasi ilikuja baada ya wiki tatu. Baudilio aliisoma uani. Ilisema imethibitika, kwa ushahidi wa watu ishirini na mmoja, kwamba Clorinda Astudillo ndiye aliyekitengeneza kitu kile. Ilisema pia imethibitika, kwa ushahidi huohuo, kwamba umma umekitumia kwa miaka sita, kwa hiyo si kipya, na kisicho kipya hakipati hataza. Yeyote anayetaka na atengeneze.

"Lakini imeandikwa ni yake," alisema Eduvigis.

"Imeandikwa."

"Sasa?"

"Sasa basi, Bi Eduvigis. Hakuna kitu."

Nilimkuta Clorinda chumba cha chini, anapiga pasi kifua cha shati. Hakuinua kichwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua palepale, yule mzee aliposoma."

"Ukatuacha tunakula na kucheza!"

"Kuku alikuwa ameshachinjwa. Nifanyeje, nimrudishie manyoya?"

"Ungesema tumedanganya, Clorinda! Ungesema tu! Mimi ningekwenda jela, naapa kwa Bikira."

"Wewe wangekufukuza siku ya pili, ungewachosha walinzi kwa maneno. Lakini Eduvigis ana wajukuu watano na hana mtu." Akabadilisha pasi, ile iliyopoa akaiingiza motoni. "Toka hapo, unaniziba mwanga."

Nililia mbele yake kwa aibu, na sikutoka. Alinivumilia kidogo, kisha akaniita ng'ombe, akanipa shati la pili nimsaidie.

Don Olegario aliuza Kofia pwani nzima, hadi kaskazini kwenye machimbo. Sikumsikia mtu akisema ni dhambi. Clorinda alipiga pasi vipupwe viwili, kama alivyohesabu daktari, na cha pili hakukimaliza. Wiki za mwisho alipiga pasi akiwa amekaa. Tulimchukulia kazi zake usiku na mchana na bado alitaka kuzikagua, akatutukana kwa kila mkunjo, sauti ikiwa imebaki ndogo mno hata ilibidi tuiname kusikia tusi lenyewe. Alikufa mwezi wa Agosti, asubuhi, watu wakiwa kazini.

Tulimlaza mezani, tukamwashia mishumaa, nyumba nzima ikaja. Padri, yuleyule aliyetukanwa miaka yote, alimaliza sala zake akauliza nani kati yetu atasema neno juu ya marehemu. Mmoja mmoja wenzangu wakageuka, wakanitazama mimi, kwa kuwa kilima kizima kinajua nani ndiye msemaji.

Sikusimama. Padri alingoja kidogo, kisha akafunga kitabu chake.