Muulizie Mtoto, Kisha Kitabu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipomjibu mama muuza ndizi kwa ukali, kisha nikajiona nimefanya kazi. Kaa vizuri nikueleze. Nimesikia umepewa kazi ya kutunza vitabu vya watoto kwenye maktaba huko Homa Bay, na moyo wangu umefurahi na kuogopa pamoja. Kazi hiyo naijua. Niliifanya nikiwa msichana wa umri wako, katika maktaba ndogo ya mjini Migori, chumba kimoja nyuma ya soko.

Nilikuwa na ulimi mkali, na bado ninao. Usinikunjie uso, ndio kwanza naanza. Vitabu vya watoto vilikuwa vichache, nami nilivipenda kuliko nilivyowapenda waliovisoma. Nilivivalisha plastiki, nikawakagua watoto vidole pale mlangoni kabla hawajagusa kitu. Mtoto alichukua kitabu kimoja akakirudisha Jumamosi iliyofuata. Sheria hiyo niliikuta. Ya pili niliitunga mwenyewe: kila mtoto arudishe kitabu kwa mkono wake, asitume mtu. Nilisema nawafunza adabu.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Akinyi, mwembamba, mwenye pengo mbele. Kwao ni Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mama yake aliuza mboga sokoni kila Jumamosi, na Akinyi alikuja naye, akakimbilia kwangu hata kabla magunia hayajafunguliwa. Alisoma kwa sauti, ingawa nilimkataza, kidole kikitembea chini ya maneno. Alikuwa akijizoeza kumsomea mdogo wake, Adhiambo, ambaye hakuwa ameanza shule. Mara ya mwisho aliondoka na kitabu cha kobe anayetafuta nyumba.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu akaja jirani yao, huyo muuza ndizi, akasimama mlangoni.

"Madam, Mama Akinyi hauzi tena. Mzee yake amelala, ni mgonjwa sana. Nikuletee hiyo kitabu wiki ijayo?"

"Hapana," nikasema. "Mwambie Akinyi akilete mwenyewe. Na asikanyage hapa bila hicho kitabu."

Unaona, mwanangu? Mwanamke amenitajia mgonjwa, nami nimejibu kitabu. Sikuuliza nyumba ile inakula nini, wala mtoto anashinda wapi siku hizi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi sikuuliza. Kwa mkuu wetu, Mzee Ouma, sikusema neno. Nilitaka nilimalize jambo hilo mwenyewe ili asidhani kazi imenishinda.

Wiki nyingine zikapita. Asubuhi moja nikapanda gari kukifuata kitabu changu, na njia nzima nilipanga maneno ya kumpasha mama yake. Nilipofika nikakuta turubai limefungwa uani, watu wamekaa kimya. Nikadhani ni baba. Mama mmoja akanisogezea kiti, akaninong'oneza, "Wewe ndio madam wa vitabu? Ni Akinyi. Alikuwa anasaidia mamake kuosha mawe huko machimboni. Udongo ikamwangukia. Tunamzika leo."

Nikakikalia kile kiti.

Kwetu, wakati wa mazishi, mzee wa boma husimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu, ili aende bila mzigo. Babu yake Akinyi aliuliza kwa sauti ya chini, haraka haraka, kwa kuwa hakutazamia jibu. Mtoto wa umri ule angedaiwa nini? Lakini mama yake akainuka. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akanijia mbele ya watu wote.

"Anadaiwa na maktaba," akasema. "Nilimwambia tutume mtu, akakataa. Alisema lazima arudishe na mkono yake. Sasa chukua kwa yangu, madam. Mtoto wangu asiende na deni."

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wasemavyo. Mimi niliyaona matanga yenyewe. Na unajua nilifanya nini? Nilikipokea. Ningeweza kusema hana deni, kitabu kibaki na mdogo wake. Adhiambo alikuwa ameshika sketi ya mama yake, akakifuata kitabu kwa macho mpaka kikaingia mkobani mwangu, ndipo akaanza kulia. Nilikifungua nikiwa njiani kurudi. Kilikuwa safi, hakina hata doa moja, na yule mtoto alikuwa akishinda matopeni kutwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Jumatatu nikakipeleka kwa Mzee Ouma, nikamsimulia yote. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Nyathina," akasema, nawe unajua mzee akikuita mtoto wake hivyo huna pa kukimbilia. "Kitabu kama hiki mtoto anamaliza jioni moja. Unafikiri kwa nini tunampa wiki? Niliweka wiki ili aonekane hapa kila Jumamosi. Nikiambiwa hakuja, mimi naenda kwao. Kuna watoto nimetoa huko machimboni, na mmoja nikampeleka mpaka Asumbi, kwa shule ya masista. Huyu ulinificha."

"Sikumficha, Mzee. Nilitaka kitabu kirudi kwanza."

"Sawa. Kimerudi."

Akakiweka mikononi mwangu na kuniambia nikampelekee yule mdogo. Nikaenda siku hiyo hiyo. Mlango ulikuwa na kufuli. Walikuwa wamempeleka mgonjwa kwa ndugu zao upande wa ziwa, na hakuna jirani aliyejua ni kijiji gani. Nimeulizia Mbita, nimeulizia Rodi Kopany siku za soko, mwaka baada ya mwaka. Maji yakimwagika hayazoleki. Kitabu kile ninacho hapa nyumbani, na sijawahi kumpa mtu mwingine akisome.

Basi shika hili, mwanangu. Machimbo bado yapo, na watoto bado wamo. Mtoto akikosa Jumamosi moja, usitume salamu za ukali, wala usiridhike na "yuko sawa" ya kwenye simu. Funga mlango uende ukamwone kwa macho yako. Muulizie mtoto, kisha kitabu, na ukikuta nyumba imepatwa na msiba, kitabu usikitaje kabisa. Adabu ya vitabu mimi niliijua yote, na haikumsaidia Akinyi.

Mungu akulinde katika kazi hiyo. Akujalie vitabu vyako virudi vimechanika, vimekunjika, vinanuka dagaa wa omena, na kila kimoja kiletwe na mwenyewe, akiwa hai.