Kidhibiti cha Chai ya Saa Nne

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mota, na mwenyewe alishaacha kuitika kwa jina lingine. Kazi yake ilikuwa kusuka mota zilizoungua: za feni, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Aling'oa waya mweusi ulioharibika, akazungusha mpya kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, huku midomo yake ikihesabu. Ukimsalimia akiwa kwenye mia na sitini na tatu, hesabu ikamponyoka, ujue umejitakia. Alilazimika kufumua yote na kuanza na moja, na wewe ungeondoka hapo umeambiwa mambo ambayo hata mama yako hakuwahi kukuambia.

Mkewe tu ndiye aliyeweza kuingia karakana wakati wowote. Alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani, hatua kumi na nane kutoka mlango wa karakana. Kila siku ya Mungu, ikifika saa nne asubuhi, aliacha kushona, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akakifunika kwa kisahani, akavuka ua. Fundi Mota hakuinua kichwa. Alisema tu, "Weka hapo, mama," na chai ikawekwa pale kwenye kona ya meza isiyo na grisi. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka thelathini na minne. Chai ile haikuwahi kumwunguza ulimi, wala haikuwahi kupoa. Hakujiuliza kwa nini. Kuna wanaume wakishaoa hudhani chai inajitengeneza yenyewe.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga mama yule upande wa kushoto. Mkono na mguu wa kulia vilibaki vizima, maneno nayo yalirudi, ingawa yalitoka polepole, moja moja. Sasa alikaa barazani pale pale kwenye kiti cha mikono, na cherehani lake lilikuwa pembeni limefunikwa shuka. Fundi Mota alipika, alifua, alifagia, na saa nne yeye ndiye aliyempelekea mkewe chai. Mama aliipokea kwa mkono wa kulia na kusema, "Ahsante."

Ahsante ile ndiyo iliyomkata maini. Wale walikuwa watu wa kutaniana, hawakuwa watu wa kushukuriana. Zamani mkewe angemwambia, "Chai hii umeipika au umeifulia nguo?" Sasa alishukuru kama mgeni aliyekuja kulala siku mbili.

"Unaumwa wapi?" alimuuliza siku moja.

"Siumwi." Akayatafuta maneno. "Kila kitu naletewa. Nami nilikuwa na kitu kimoja cha kukuletea."

Fundi Mota alirudi karakana na hakusuka kitu siku nzima.

Kwenye rafu yake kulikuwa na lori dogo la rimoti, refu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mteja mmoja alilileta mota ikiwa imeungua, kisha akahama mji na kutuma ujumbe kwamba asihangaike nalo tena. Fundi Mota alilishusha, akalipiga vumbi, akalipima kwa macho. Kikombe cha bati kingekaa vizuri nyuma pale. Mkewe akiliendesha mwenyewe kutoka barazani, chai ya saa nne ingerudi kuvuka ua ikitoka kwake. Akakata shauri hapo hapo.

Vitu viwili vilikuwa vimekufa ndani ya lori: mota, na kidhibiti mwendo, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya betri na mota na kuamua mota ipewe umeme kiasi gani kidole kinapobonyeza. Alikwenda kwenye duka la magari ya rimoti. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni, na kila Jumapili alishindanisha magari hayo yeye mwenyewe.

"Gari lako linabeba nini?" aliuliza mwenye duka. "Linapita wapi? Anaendesha nani?"

Fundi Mota hakupenda kuhojiwa kuhusu mota. "Mwanangu, nimeanza kusuka mota wewe hujajua kufunga viatu. Nipe kile kikubwa."

"Kikubwa ni cha mashindano, baba. Ampea mia na ishirini. Na mota yake haina brashi."

"Vizuri. Hakitaungua."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kama msuka mota anavyokosea. Katika kazi yake, kila kilichokuja mezani kilikuwa kimekufa kwa kuzidiwa. Maisha yake yote alikuwa akiongeza unene wa waya ili kitu kisizidiwe tena. Kuzidi kwa nguvu hakukuwa kosa katika vitabu vyake. Akafunga kiboksi kile na mota yake kwenye gazeti na kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake, vyote vikiwa vimefungwa ndani ya lori, aliibana rimoti kwenye mkono wa kiti cha mkewe, akaliweka lori juu ya mteremko wa saruji unaoshuka kutoka barazani hadi uani, akatia kikombe chenye chai mahali pake. Uso wa mkewe ulichangamka. Alijivuta akakaa wima, akaweka kidole.

Lori lilipata kigugumizi mara mbili tatu, halafu likaruka. Chai iliishia ukutani.

"Bonyeza taratibu, mama."

"Nimebonyeza taratibu."

Alijaza tena. Safari hii liliruka, mkewe akaachia, na lori likaendelea kuporomoka kwenye mteremko mpaka likajigonga kwenye ndoo. "Taratibu zaidi," alisema Fundi Mota, akijaza kikombe cha tatu. Cha tatu nacho kilimwagika. Mkewe akauondoa mkono wake kwenye rimoti, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

"Mkono wangu umekwisha, fundi," alisema. "Liondoe."

Alilichukua lori na rimoti, akaenda navyo nyuma ya karakana, mahali ambapo asingeonekana. Akajaza kikombe maji. Mkono wake ulikuwa umezoea kuvuta waya mwembamba kama unywele bila kuukata. Akabonyeza kidogo, kidogo kabisa. Lori likapata kigugumizi, likaruka, likamlowesha suruali.

Alisimama pale akichuruzika, na aibu ikampanda hadi kwenye masikio. Alikuwa amemwacha mkewe aamini kwamba mkono wake mzima nao umekufa. Hakungoja suruali ikauke.

"Si mkono wako," alimwambia. "Hata mimi linanirukia. Kosa ni langu. Nimenunua kikubwa."

Mkewe alimtazama, kisha akaitazama ile suruali. Pembe ya mdomo upande wa kulia ikaanza kupanda. "Kama ile mota ya cherehani," alisema.

Fundi Mota alikuwa ameisahau kabisa. Mwaka wa pili wa ndoa yao, ili kumfurahisha, alimfungia kwenye cherehani mota kubwa ya pampu. Ilishona mkono wa gauni la mteja mpaka ukageuka mfuko, na mkewe alimfanya aing'oe kabla ya chakula cha mchana.

"Siku ile pia ulijipiga kifua," aliongeza mkewe, na akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja, lakini kilikuwa kile kile. Fundi Mota alijifanya anakamua suruali ili asionekane macho.

"Sikiliza sasa," alisema mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliongea kama mtu anayeagiza. "Kushona ni kuanza na kusimama. Hapo katikati hata mbuzi anaweza. Nataka lianze kama sindano inavyoshuka nikizungusha gurudumu kwa mkono. Nikiachia, lisimame pale pale." Akavuta pumzi. "Na hiyo rimoti iondoe. Nifungie pedali yangu. Mguu wangu wa kulia hakuna aliyeuambia kwamba umeugua."

Siku iliyofuata Fundi Mota aliingia dukani na lori kwapani na kikombe cha bati mkononi. Mwenye duka alivaa miwani ili amwone vizuri.

"Uliza yale maswali yako," alisema Fundi Mota.

"Linabeba nini?"

"Chai."

"Linapita wapi?"

"Uani. Hatua kumi na nane, mwanzo ni mteremko."

"Anaendesha nani?"

"Mke wangu." Alisafisha koo. "Amepooza upande mmoja. Anataka kuniletea chai."

Mwenye duka aliondoa vitu vyote juu ya meza, akaweka ubao na kuuinamisha kwa kitabu chini ya ncha moja, akaenda kujaza kikombe maji hadi ukingoni. Walijaribu vidhibiti vitatu, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza, mota yake isiyo na brashi ilipoanza polepole, kiboksi kilikuwa kama kinabahatisha, na maji yakamwagika kabla gari halijasogea. Cha pili kilianza kwa upole mzuri, lakini walipoachia kwenye ubao gari likateleza lenyewe. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote, ampea arobaini tu, cha mota ya kawaida yenye brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake.

"Hiki ni cha magari ya kupanda mawe," alisema mwenye duka. "Mbio hakina. Ukiachia, kinaishika mota isizunguke."

Gari liliteremka ubaoni kwa mwendo wa mtu anayebeba mtoto aliyelala. Katikati ya mteremko mwenye duka akaachia. Likasimama. Fundi Mota aliinama mpaka pua yake ikakaribia kikombe, akautazama ukingo kote. Mezani hapakuwa na tone.

"Sindano kwa sindano," alisema, na mwenye duka, ambaye hakujua anazungumzia nini, akakubali kwa kichwa.

Kuiunganisha pedali ya cherehani na rimoti kulimchukua siku mbili, pamoja na swichi ya kurudi nyuma kwenye mkono wa kiti na kijiti cha kulikatisha lori kona. Alipomaliza, mkewe aliweka mguu wake pale, akausikiliza, halafu akamfukuza.

"Nenda kazini. Usichungulie. Nikiwa tayari utajua."

Siku tatu alimwachia chupa ya chai na kikombe kando ya kiti, akaenda kazini, na huko akasikia uani mlio mdogo wa mota, ukianza na kusimama, ukianza na kusimama. Hakuchungulia, au tuseme alichungulia mara moja tu. Siku ya nne mlio haukusikika asubuhi yote. Huenda amechoka. Huenda amekata tamaa. Ili asiende kumuuliza, alichukua mota ya pampu iliyokuwa ikingoja na kuanza kuisuka: moja, mbili, tatu. Kazi ikammeza, kama kawaida yake.

Alikuwa kwenye mia na kumi na nane aliposikia mlio ule kwa mbali ukishuka mteremko. Aliendelea kuhesabu. Mlio ukavuka ua, ukakaribia, ukafika mlangoni, na pale kizingitini ukakoma.

"Weka hapo, mama," alisema bila kuinua kichwa, mdomo ukijiendea wenyewe. Mia na ishirini na sita. Mia na ishirini na saba.

Lori halikusogea. Alidhani limekwama, akalitupia jicho la pembeni. Halikuwa limekwama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegusa kizingiti tu, kikombe kimefunikwa kwa kisahani, na mvuke mwembamba ukipenya ukingoni. Kule barazani mkewe alikuwa amekaa wima, mguu juu ya pedali, akimtazama midomo.

Alikuwa akingoja amalize hesabu.

Miaka thelathini na minne Fundi Mota alikuwa akisema weka hapo, na kila mara mwanamke yule alikuwa amesimama kwenye kizingiti kile, amemimina chai ya moto sana kwa makusudi, akimsoma midomo mpaka afike mwisho ndipo aingie. Ndiyo maana haikumwunguza, na ndiyo maana haikupoa. Na yeye hakuwahi kumwona hata siku moja amesimama pale.

Aliuachia waya. Ulifumuka wenyewe mezani, mizunguko mia na ishirini na saba, na hesabu ikaenda zake. Akainua kichwa, akageuka kabisa kuelekea mlangoni, machozi yakimlengalenga wazi wazi mchana kweupe.

"Karibu ndani, mama," aliita, kwa sauti ya kufika barazani.

Kule barazani mguu ukashuka juu ya pedali, taratibu. Lori likapanda kizingiti, likaingia, likaja likasimama kando ya kiatu chake, na kisahani hakikutikisika.