Herufi Moja Mlangoni Pangu

Ndugu zangu, leo herufi moja imekaribia kuniangamiza.

Kama mjuavyo, huwaandikia watu barua za rufaa hapa Ngokolo, na joto limekuwa likiizima kompyuta yangu. Nimeiundia kasha la mbao lenye mipira ya maji na pampu ndogo, ili maji yazunguke ndani.

Maji yenyewe niliyaweka kwenye ndoo mlangoni, nikabandika tangazo kwa mwandiko ulionyooka:

"MAJI HAYA NI YA KUPOOZA. YASIGUSWE."

Saa tisa alasiri nilisikia watu uani. Walikuwa wanane, wawili wameshika fimbo.

Mbele alisimama jirani yangu Mama Kulwa, ambaye mumewe alipatwa na kiharusi hivi karibuni.

"Mwandishi, safari hii unampooza nani?"

Nilieleza habari za kompyuta.

"Yanywe basi, tuone," akasema mzee mmoja.

Nikanywa kikombe kizima. Wote wakaitazama miguu yangu, wakisubiri ilegee.

Ndipo fundi cherehani wa nyumba ya pili akalisoma tangazo upya, polepole.

"Huyu alitaka kusema kupoza. Mwandishi mzima, hujui kupoza ni o moja?"

Hakuna aliyecheka. Waliondoka, fimbo zao mkononi.

Tangazo nimelibandua. Je, niandike jingine la kuomba radhi, au kuandika ndiko kutakakoniponza? Nishaurini upesi, kwa maana jioni imeingia na bomba la uani, tunalochotea maji kaya nne, halijaguswa na mtu.