Mgeni wa Kisima cha Mama

Kwetu mgeni haulizwi habari akiwa na kiu. Anafika, anapewa kigoda, anapewa kata ya maji, anakunywa, ndipo mnaanza kusalimiana kwa kirefu. Mama yangu aliishika desturi hii kwa ukali kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, upande wa Buigiri, na sababu alikuwa nayo. Kisima chake kilikuwa na maji baridi yasiyo na chumvi, katika nchi ambayo ukichimba popote unakutana na maji ya kuoshea vyombo tu. Marehemu baba alikichimba kwa sururu kabla mimi sijazaliwa. Mama alijivunia kisima kile, tena waziwazi. Mgeni akisema "maji matamu haya," mama alijifanya hakusikia ili mgeni arudie.

Ndivyo alivyoingia yule mtafiti. Binti wa Kondoa, mwembamba, hijabu imejaa vumbi la pikipiki, akisema anazungukia visima vya huku kwetu kuchunguza maji ya chini ya ardhi yanatoka wapi na yamebaki kiasi gani. Mama akampa kata. Binti akanywa yote, akashusha pumzi, akasema, "Bibi, umeyatia sukari?" Basi, mambo yakaishia hapo. Tangu siku ile akawa mjukuu. Alipokuja mwezi wa Ramadhani, mama alimjazia chupa akafuturu nayo njiani.

Mimi naishi mjini, Ipagala, nina duka la vifaa vya ujenzi. Nauza mabomba, koki na matangi, na mama yangu hana maji ya bomba. Mungu naye ana utani. Kila binti alipokuja, mama alinipigia simu niende nikatafsiri, eti Kiswahili chake kinamwishia mambo yakianza kuwa ya kitabuni. Uongo mtupu. Alitaka nimwone mgeni wake. Binti alikuwa na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, na ncha yake ikigusa maji kule chini, gurudumu linalia piii! Mama aliupenda mlio ule kupita kiasi. "Kimeitika!" alikuwa akisema, huku anapiga makofi.

Shida ni kwamba kila mwaka utepe ulishuka zaidi kabla ya kulia.

Siku moja binti akaja na majibu ya maabara. Alikunywa kwanza, kama kawaida, halafu akaeleza taratibu nami nikawa natafsiri kwa Kigogo. Maji haya ni ya zamani, alisema. Mvua iliyoyaleta ilinyesha kabla bibi hajazaliwa. Mvua zetu za kila mwaka hazifiki kule chini, jua na udongo vinazimaliza juu juu. Kinachojaza ni zile mvua kubwa za mfululizo zinazofurisha makorongo, nazo huja kwa nadra, na huku juu joto linazidi, watu tunazidi, pampu zinazidi. Tunachota kuliko tunachowekewa.

"Kumbe tunakunywa mvua ya marehemu," mama akasema. Kisha akauliza swali ambalo baada ya hapo aliliuliza kila safari: "Kitanitosha?"

Hakuuliza habari zangu wala za wanangu. Alitaka afe kabla ya kisima, basi. Asiione siku ya kukaa na mgeni mlangoni hana cha kumpa.

"Sijui, bibi," binti alisema. "Naomba kitoshe. Lakini vipimo havinipi moyo."

Nilimkasirikia sana. Ningekuwa mimi ningesema kitatosha, bibi, kunywa chai yako. Mama yeye alimpenda zaidi kwa jibu lile.

Nikamsihi mama ahamie kwangu mjini. "Kwako nitampa mgeni nini?" akaniuliza. "Soda?" Bomba lilikuwa limeshafika kijijini, kweli, tena kwa hotuba na ngoma, lakini ukifungua koki unapata upepo. Watu walinunua maji ya mkokoteni wa punda, yanayotoka mjini kwenye madumu. Na siku moja nipo dukani, redio inaeleza kwa furaha kwamba wanasayansi wameona barafu mwezini. Mwezini, jamani! Niliizima. Sina ugomvi na mwezi. Kilichoniuma ni kwamba siku hizi kila kitu kinajulikana, na hakuna kinachozuilika.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, binti akatuma ujumbe kwamba anakuja kupima kwa mara ya mwisho, kazi yao inafungwa. Nilimpigia mama kumwuliza kisima kikoje. "Kipo, kipo," akasema. Nikaondoka mjini alfajiri. Nafika nyumbani, napishana na mwenye punda akitoka, madumu yake matupu yanagongana. Ukingo wa kisima umelowa tope. Mama anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemwekea mgeni maji."

"Kisimani?"

"Ulitaka akute kikavu? Atoke Kondoa yote ile, akute kikavu?"

Nikafoka. Nilimwambia amemwaga maji yake ya kunywa shimoni. Nilimwambia hii ni sayansi, si harusi, kwamba binti ataandika maji yamerudi na watu wazima na akili zao watadanganyika kwa sababu yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Usimwambie, mwanangu. Nakuomba." Mama hakuwa na kawaida ya kuniomba kitu. Nikakubali.

Binti alifika jua limepanda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Leo pima kwanza."

Pale nyumbani hakuna aliyewahi kupima kabla ya kunywa.

Utepe ukashuka. Ukalia mapema, mapema mno. Binti akaruka. "Bibi! Yamerudi! Haiwezekani, yamerudi!" Alicheka na kufuta macho kwa pamoja, akaanza kuongea harakaharaka habari za miamba na mikondo, mambo ambayo hata kwa Kiswahili sikuyaelewa. Mama alipiga makofi, lakini polepole.

Kisha binti akateremsha chupa yake ya sampuli, akaivuta juu, akaifungua. Ikanuka dawa ya maji ya bomba ya mjini. Akainusa tena. Akautazama ukingo wenye tope, akanitazama mimi. Nikatazama chini.

Akakaa pale ukingoni, akaurudisha utepe kwenye gurudumu lake.

"Kilikauka lini, bibi?"

"Tangu baridi ya Julai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kufanya nini?" mama alimwuliza. Hakumwuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Nami nilikuwa nimesimama pale, na duka zima la mabomba mjini. Binti akatoa kishikwambi chake. "Nitaandika kikavu, bibi. Siwezi kuandika vingine."

"Andika. Wewe hujawahi kunidanganya."

Alipomaliza, mama aliingia ndani akachota maji ya punda yaliyobaki kwenye ndoo. Akatoka na kata ile ile, akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

"Haya, sasa kunywa."

Binti alikunywa yote. Akafuta mdomo. Mama alisubiri kidogo asikie "maji matamu haya," kama alivyozoea, kisha akaipokea kata yake, akaingia nayo ndani.