Kilio cha Uwanja wa Besiboli

Marehemu tonton, mjomba wangu, alikuwa rais. Msishtuke, si wa nchi: rais wa timu ya besiboli, hapa Brussels. Nilikaa kwake Laeken miaka ya elfu mbili nikisomea unesi, na nyumbani mule hukuweza kukaa kwenye kochi bila kukalia glavu.

Alipofika kutoka Lubumbashi alipata kibarua cha kukata nyasi kwenye uwanja waliochezea Wamarekani na Wajapani wa maofisini. Kila mmoja wao mkataba wake ulipoisha alirudi kwao na kumwachia kitu. Huyu funguo, yule magongo, wa mwisho muhuri wa klabu. Urais aliupata hivyo, hakupigiwa kura hata moja. Akajaza timu watoto wetu wa Kongo, akawafundisha kupiga na kukimbia, akawa anawachukua na kuwarudisha kwao mwenyewe kwa gari lake bovu.

Watu wetu walimcheka, jamani! Maman mmoja, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, ndiye aliyezidi. "Papa président," alikuwa akimwambia mlangoni baada ya misa, "ile muchezo gani, batu banasimama tu kama banangoja bus?" Tonton alicheka naye. Wazazi walimpa watoto, lakini hakuna aliyewahi kuja kutazama. Hilo lilimuuma, na mimi lilinikasirisha kuliko yeye.

Ijumaa moja usiku, watu wakiwa wamelala, alifungua barua iliyokuwa imelala siku nyingi ndani ya mfuko wa mipira. Mzee yule, kwa barua, Mungu amsamehe! Komini, yaani halmashauri ya mtaa, ilisema afisa wake angekuja Jumamosi saa nane mchana kuona kama uwanja una watu. Akiona hauna, unageuzwa maegesho ya magari.

"Jumamosi gani?" nikauliza.

"Kesho," akasema. Alikaa chini. "Upigie batu simu, mutoto wangu. Hata bakikataa, wewe ubapigie."

Nilikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini Jette. Basi saa kumi na moja alfajiri, nikisubiri tramu kwenye baridi, nikaanza kupiga. Kwa kila mtu nilisema maneno yaleyale: njooni wote leo saa nane uwanjani, kwa ajili ya tonton, nitawaeleza mkifika. Kisha nikakata nimpigie mwingine. Cha ajabu, hakuna aliyebisha. Wote walisema polepole, "Tutafika, mutoto. Jikaze." Nikajiambia, kumbe watu hawa wana adabu alfajiri!

Mjinga mimi. Mtoto wa Lubumbashi mzima, na sikukumbuka kwamba kwetu simu ya alfajiri ina habari moja tu. Ya harusi husubiri watu wanywe chai. Walipojaribu kupiga nyumbani, hakuna aliyepokea, maana tantine, mkewe tonton, alikuwa kazini na tonton alikwenda uwanjani mapema kupiga chokaa mistari. Simu yangu mimi ilikuwa imefungiwa kabatini hospitalini. Wakaamini kabisa.

Nilipofika uwanjani nilisikia nyimbo kabla ya kuona watu. Mamans wa kanisa, vitenge vyeusi, viti vya plastiki, masufuria ya wali, wababa na makoti ya misiba. Kwenye meza, daftari la rambirambi, na foleni ya watu wakiandika. Kando alisimama Mbelgiji mwembamba mwenye faili, ameduwaa. Nikaelewa kosa langu. Nilitafuta kusema kitu, lakini maman wa kwaya alikuwa ameshainua mkono, na watu wakanyamaza.

"Tulimucheka," akaanza. "Miye wa kwanza. Lakini wakati mutoto wangu aliacha masomo, nani alimufuata kule gare ya treni, kila siku, mpaka akarudi? Ni huyu papa. Hakuniambia hata siku moja. Mutoto ndiye aliniambia. Na miye sikumwambia aksanti."

Alilia, na wote wakalia. Nyuma yao mlango wa kibanda cha vifaa, alikochanganyia chokaa, ulikuwa wazi, na tonton amesimama pale na ndoo ya chokaa mkononi, mweupe hadi kwenye nyusi. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

Mtoto mmoja alimwona akapiga yowe. Nyie! Viti vilianguka, baba mmoja akaruka uzio. Maman wa kwaya yeye hakukimbia. Alimwendea tonton, akamgusa shavu, akaona lina joto, kisha akaanza kumchapa na leso. "Na unaacha tunalia! Na unasikiliza!" Nikaungama kosa langu kwa sauti, nikachapwa leso kadhaa na mimi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Yule afisa akasogea. "Bwana rais," akauliza kwa Kifaransa, "hawa wote ni wa klabu yako?"

Kicheko kikakatika. Tonton hakuwahi kusema uongo, hata kwenye fomu. Nilimwona akifungua mdomo, nikajua jibu ni hapana, na uwanja umekwenda.

"Tangu leo," akasema maman wa kwaya kwa Kifaransa. Akachukua daftari, akachana ukurasa wa kwanza ulioandikwa apumzike kwa amani, akamkabidhi afisa majina yaliyobaki. Kisha akavuta kiti mbele kabisa, akakaa, akakunja mikono. "Alors? Munacheza ao hamuchezi?"

Afisa alihesabu majina, akafunga faili, akatafuta kiti.

Tonton aliokota ule ukurasa uliochanwa. Chini ya sala, mwandiko wa yule maman ulikuwa umeongeza mstari: "Alituchungia batoto." Aliusoma mara mbili, akaufuta chokaa kwa mkono wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akashindwa kuita watoto wake uwanjani. Niliwaita mimi.